Dalali anasema "wiki mbili tu" tangu Machi: tusubiri au tujitoe?

Swali

Shikamoo wakili. Mimi ni muuguzi, naishi Leicester na mume wangu na watoto wawili katika nyumba ya kupanga. Mwezi Februari ofa yetu ya pauni 270,000 ilikubaliwa. Ni nyumba yetu ya kwanza. Wanaotuuzia ni familia inayonunua nyumba ya wazee wawili, na wale wazee wananunua flati. Sasa ni Juni, hakuna kilichosainiwa. Tangu Machi, kila Ijumaa dalali ananiambia "wiki mbili tu". Ofa ya mkopo wa benki inaisha 20 Agosti. Mwenye nyumba anataka kujua kama tunatoka. Mwanangu mkubwa hajui Septemba atasoma shule gani. Baba yangu, aliyeuza shamba lake Muheza ili atusaidie arbuni, ameshakata tiketi aje Agosti kuiona nyumba. Na wakili wetu ameanza tena kuuliza hela zilitoka wapi. Mume wangu anasema tujitoe, tutafute nyumba isiyo na mnyororo wa manunuzi yanayotegemeana hivi. Rafiki yangu wa Glasgow anashangaa, anasema kwao mkishakubaliana mambo hayachezewi hivi. Mimi silali vizuri. Tusubiri au tujitoe?

Jibu

Marahaba, dada. Nianze na jibu lenyewe, maana najua ndilo mnaloligombania hapo nyumbani: msijitoe sasa hivi, lakini acheni kusubiri kwa namna mnavyosubiri. Mmeyafunga maisha yenu yote kwenye tarehe ambayo hakuna mtu yeyote aliyewapa. Tarehe ya benki, ya mwenye nyumba, ya shule na ya tiketi ya mzee zote zimetundikwa kwenye "wiki mbili" za dalali, na dalali hana mamlaka juu ya hata siku moja kati ya hizo. Nitawaonyesha jinsi ya kuzifungua moja moja, na siku gani mtafute nyumba nyingine bila majuto.

Kwanza muelewe mmesimama wapi kisheria, kwa sababu nusu ya kukosa usingizi kunatokana na kudhani mna kitu ambacho bado hamna. Katika Uingereza na Wales, ofa iliyokubaliwa ni posa iliyopokelewa, si ndoa. Sheria ya 1989 kuhusu mikataba ya ardhi inataka mkataba wa kuuza nyumba uwe wa maandishi, uwe na masharti yote, na uwe na saini za pande zote mbili. Kabla ya mawakili kubadilishana mikataba hiyo iliyosainiwa, hatua ambayo ndiyo inawafunga, muuzaji anaweza kumpa mwingine aliyeongeza dau, na nyinyi mnaweza kupunguza bei au kuondoka, na hakuna anayemlipa mwenzake hata senti. Rafiki yako wa Glasgow yuko sahihi kwa upande wake. Uskoti ina sheria yake: mawakili huandikiana barua rasmi za ofa na kuikubali, na barua hizo zikikamilika zinafunga pande zote, mara nyingi mapema kuliko kwenu. Tena tangu Desemba 2008 muuzaji wa huko, kwa kawaida, lazima awe na ripoti ya ukaguzi wa nyumba kabla ya kuitangaza. Kwa hiyo msipime safari yenu kwa saa ya Glasgow.

Sasa mnyororo wenyewe. Nyinyi mko chini kabisa, na hiyo ni nafasi nzuri kuliko mnavyodhani: hamna nyumba ya kuuza, kwa hiyo hakuna mtu chini yenu wa kuwaangusha. Ila kila aliye juu yenu hawezi kusogea mpaka aliye juu yake awe tayari, kwa sababu hakuna familia itakayokubali kufungwa kuuza huku haijui italala wapi. Mnyororo wenu una manunuzi matatu: nyinyi, familia ile, na wazee. Unakwenda kwa mwendo wa lile lililo polepole kuliko yote, na kwa maelezo yako sina shaka kubwa ni lipi. Ni flati ya wazee.

Flati nyingi hapa huuzwa kwa umiliki wa muda: unanunua haki ya kukaa kwa miaka mingi, huku jengo na ardhi vikibaki kwa mwenyewe, na katikati kukiwa na kampuni inayosimamia jengo. Wakili wa mnunuzi wa flati hawezi kumaliza kazi bila majibu ya kampuni hiyo: ada ya huduma ni kiasi gani, kuna deni, kuna ukarabati mkubwa unaokuja, bima ya jengo ikoje, kuna mgogoro. Majibu hayo huja kwenye fomu iitwayo LPE1 pamoja na rundo la viambatanisho, kampuni hutoza ada kuyatoa, na muuzaji asipolipa ada hiyo mapema, rundo halitoki. Nimeona miezi miwili ikiyeyuka kwa sababu muuzaji wa flati alidhani wakili wake ameshalipa, na wakili alikuwa akimsubiri muuzaji alipe. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hakuna aliyeuliza.

Kama jengo lina urefu wa mita 11 au zaidi, au ghorofa tano na kuendelea, kuna safu nyingine juu ya hiyo. Baada ya moto wa Grenfell Tower, London, 14 Juni 2017, benki zilianza kudai ushahidi kwamba kuta za nje hazishiki moto kirahisi. Kisha Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 ikaleta vyeti viwili, kimoja cha mwenye flati na kimoja cha mwenye jengo, vinavyoamua nani atabeba gharama za kurekebisha kasoro. Wazee wenu wanaweza kuwa wananunua kwa fedha taslimu bila mkopo, na bado wakili wao mzuri atawaambia wasisaini bila karatasi hizo. Naye atakuwa amewatendea haki.

Ndiyo maana swali la "lini?" halina faida. Dalali atalijibu kila Ijumaa kwa sababu umemuuliza kila Ijumaa, na atakupa namba itakayokutuliza. Kumbuka pia kwamba dalali analipwa na muuzaji. Anafanya kazi ya muuzaji. Lakini ana kitu kimoja ambacho wakili wako hana: anaweza kupiga simu mnyororo mzima, kwa madalali wenzake, mpaka juu. Wakili wako anazungumza na wakili mmoja tu, wa familia inayowauzia. Basi mtumie dalali kwa kazi hiyo. Muulize nani anasubiri nini, kutoka kwa nani, na tangu tarehe ngapi. Mwandikie, usimpigie, kwa Kiingereza chako cha kazini, jambo kama hili:

"Sisi tuko tayari: mkopo upo, ukaguzi umefanyika, arbuni ipo. Ofa yetu ya mkopo inaisha 20 Agosti. Naomba kufikia Jumatano uniambie, kwa kila kiungo cha mnyororo: upekuzi wa kumbukumbu za halmashauri kuhusu nyumba umerudi? Ofa ya mkopo ipo? Maswali ya mawakili mangapi hayajajibiwa, na nani anatakiwa kuyajibu? Kwa ile flati: fomu ya LPE1 iliombwa lini, ada ililipwa lini, na kampuni ya jengo imesema nini?"

Soma majibu kama unavyosoma chati ya mgonjwa. Wakikwambia "karibu kila kitu kiko sawa", hawajakujibu, rudisha swali. Wakikwambia "kampuni ya jengo ilipokea ada 12 Juni na imeahidi majibu ndani ya siku kumi za kazi", hapo una tarehe ya kwanza ya kweli tangu Februari, na utajua siku ya kupiga simu tena. Msipige kila siku. Wanaopigiwa kila siku hujifunza kutopokea.

Lakini kabla hamjawanyooshea kidole walio juu, hakikisheni ile sentensi "sisi tuko tayari" ni kweli. Kwa unavyoniandikia, bado. Swali la wakili kuhusu hela ni kiungo chenu wenyewe kinacholegea, na hapa ndipo Waswahili wengi tunapopoteza wiki ambazo tungeweza kuziokoa.

Wakili hawashuku, dada. Kanuni za 2017 za kuzuia utakatishaji fedha zinamtaka ajue fedha za manunuzi zimetoka wapi, na akizipuuza anayebeba adhabu ni yeye. Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji, kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025. Kenya iliwekwa Februari 2024. Tanzania kutoka kwenye orodha hakufuti maswali ya kawaida. Wakili anataka kuona njia nzima ya fedha, kutoka shamba la Muheza hadi akaunti yake, bila pengo. Mpeni hivi: mkataba wa mauzo ya shamba wenye muhuri wa serikali ya kijiji, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya mtafsiri anayekubalika, taarifa ya benki ya mzee inayoonyesha fedha za mnunuzi zikiingia, karatasi ya kuzituma, taarifa yenu ya benki inayoonyesha zikipokelewa, nakala ya pasipoti ya mzee iliyothibitishwa, na barua yake ya hiba akisema wazi kwamba hiyo ni zawadi, si mkopo, na hadai hisa katika nyumba. Benki ya mkopo nayo itaitaka barua hiyo.

Kama sehemu ya hela ilipitia kwa binamu wa London kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi, semeni sasa hivi, na binamu atoe taarifa yake inayoonyesha ikiingia na ikitoka. Kama mlikusanya nyingine kwenye mchezo na wenzenu wa kazini, wakili Mwingereza huenda hajui upatu ni nini: mwandikieni nusu ukurasa, mna wanachama wangapi, kila mwezi mnatoa kiasi gani, zamu yenu ilifika lini, kisha onyesheni makato ya kila mwezi kwenye taarifa ya benki na siku mliyopokea. Mchezo ulioelezwa vizuri unakubalika. Unaokataliwa ni mkupuo wa fedha ambao mteja anauita "akiba" na taarifa ya benki haiujui.

Niulize jingine ambalo hukuandika. Je, wewe au mume wako ana nyumba, au sehemu ya nyumba ya urithi, popote duniani? Ushuru wa nyumba kwa wanunuzi wa kwanza hapa ni sifuri hadi pauni 300,000, na bei yenu iko chini ya hapo. Lakini unafuu huo ni kwa watu ambao wote wawili hawajawahi kumiliki nyumba ya kuishi mahali popote, na nyumba ya Tanga inahesabika, hata ya kurithi. Unafuu ukikosekana, kwa bei yenu mtalipa pauni 3,500. Na kama nyumba hiyo ya nje au sehemu yenu ndani yake ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, kuna nyongeza ya asilimia 5, na jumla inaweza kufika pauni 17,000. Urithi una vipengele vyake vinavyoweza kuwaokoa, kwa hiyo mwelezeni wakili hali halisi wiki hii. Jambo hili likijitokeza siku ya mwisho, ndilo linalokata mnyororo kutoka chini.

Tuje kwenye 20 Agosti. Tarehe hiyo inatisha kuliko inavyostahili. Benki nyingi huongeza muda wa ofa ukiomba kabla haujaisha, na mshauri wenu wa mikopo aulize sasa: mnaongeza kwa muda gani, mnahitaji nini, na riba itabaki ile ile? Ombi lenyewe lipelekwe mwezi mmoja kabla. Msisubiri wiki ya mwisho, kwa sababu benki inaweza kutaka hati mpya za mshahara na kukagua upya rekodi yenu ya mikopo. Na hapo, dada, nakuomba sana: kuanzia leo hadi siku ya funguo, msinunue makochi kwa mkopo. Msichukue gari kwa mkopo. Usihame wodi kwenda kwa ajira ya wakala hata kama saa moja inalipa zaidi. Na kama kipato mlichoandika kilihesabu zamu zako za ziada, usizikate ghafla. Mnunuzi ambaye ofa yake imeongezwa kwa utulivu ana nguvu. Anayeomba nyongeza huku rekodi ina deni jipya la samani anaweza kuambiwa aanze upya, kwa riba ya siku hiyo. Waliokuwa wananunua mwishoni mwa Septemba 2022 wanakumbuka jinsi benki zilivyoondoa mamia ya mikopo sokoni ndani ya siku chache baada ya bajeti ndogo ya serikali. Waliokuwa na ofa mkononi walilala usingizi wao.

Tarehe nyingine ya kuchunga ni ya upekuzi wa halmashauri, maji na mazingira ambao wakili wenu alilipia. Benki kwa kawaida hutaka uwe haujapita miezi sita siku ya kukamilisha, yaani siku ya kulipa na kupata funguo. Kama ulifanyika Machi, mna mpaka Septemba. Na kama sehemu ya arbuni iko kwenye Lifetime ISA, akaunti maalumu ya akiba inayosaidia wanunuzi wa kwanza, wakili asiitoe mapema: fedha zikishatoka, ununuzi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 90, la sivyo lazima aombe nyongeza.

Mwenye nyumba wenu: msimpe notisi. Narudia kwa sababu hili ndilo kosa linalowaweka watoto kwenye sebule ya shangazi. Notisi inatolewa baada ya mikataba kubadilishwa, si siku moja kabla, hata dalali akiapa. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imewapa nafuu: tangu 1 Mei 2026 mwenye nyumba hawezi tena kuwatoa bila sababu, na mikataba ya kupanga haina tena tarehe ya mwisho. Akitaka kuuza au kuhamia mwenyewe, lazima awape miezi minne, na si ndani ya mwaka wa kwanza wa upangaji. Nyinyi mkiondoka mnatakiwa kutoa miezi miwili, inayoishia mwishoni mwa kipindi cha kodi. Hapa kuna hesabu ya kufanya: kutoka kubadilishana mikataba hadi kupata funguo mara nyingi ni wiki moja hadi nne, kwa hiyo kuna kodi ya mwezi mmoja au zaidi mtakayolipa mkiwa tayari mna nyumba yenu. Iwekeni kwenye bajeti leo kama gharama ya kununua. Au mwambieni mwenye nyumba ukweli: "tunanunua, hatuna tarehe, tukiipata utakubali kwa maandishi notisi ya mwezi mmoja?" Mwenye nyumba anayejua ukweli mara nyingi ni mtulivu kuliko anayefichwa.

Mzee wa Muheza aje na tiketi yake ile ile, afikie mlipo. Mwambie mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba huenda akaiona nyumba kwa nje tu. Aliyeuza shamba anastahili kujua hela yake imelala salama kwenye akaunti na haijaliwa, na hilo mnaweza kumwonyesha kwa karatasi. Kwa ndugu wengine wote, acheni kutaja tarehe. Kila tarehe mliyoitaja ni simu moja zaidi ya kujieleza ikipita. Shule nayo ina njia yake: halmashauri nyingi hukubali mkataba uliobadilishwa kama ushahidi wa anwani mpya, hata kabla hamjahamia. Piga simu kitengo cha udahili, uliza wao wanataka nini, kisha mwanao aanze Septemba kwa kutumia anwani mnayoishi sasa. Kuhama shule katikati ya muhula kunawezekana. Kukaa bila shule kwa sababu ya nyumba isiyosainiwa hakufai.

Sasa neno la mume wako, ambalo si la kupuuza. Kujitoa leo kunagharimu nini? Ada ya mkaguzi imekwenda, upekuzi umekwenda, sehemu ya ada ya wakili imekwenda, na mkopo utaombwa upya kwa nyumba nyingine. Nyumba "isiyo na mnyororo" nayo ina yake: mara nyingi ni ya marehemu ambaye mirathi haijatoka mahakamani, au ya mwekezaji mwenye mpangaji ndani, au flati yenye fomu ile ile ya LPE1. Mtaanza Julai, na bila bahati kubwa hamtamaliza kabla ya Novemba. Kinyume chake, mnyororo wenu una viungo vitatu tu, na tatizo pengine ni karatasi. Karatasi hupatikana. Ingekuwa ni watu wanaotalikiana na kugombea bei, ningekupa jibu jingine.

Lakini wekeni tarehe yenu. Mkishapata majibu ya dalali, kaeni wawili muamue siku moja, kwa mfano 31 Julai, ya kubadilishana mikataba. Mwambieni dalali na wakili kwa maandishi kwamba baada ya siku hiyo mtaanza kutazama nyumba nyingine. Muwe mnamaanisha, maana tarehe ya kutishia ikipita bila kitendo hamtasikilizwa tena. Kabla ya kufika huko, kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau: kuvunja mnyororo kwa hiari. Familia inayowauzia inaweza kukubali kuuza kwenu sasa na kukaa kwa ndugu au kupanga kwa miezi michache wakiwasubiri wazee. Hawatafanya hivyo bure, na si haki kutarajia wafanye. Lakini mkiwa tayari kuchangia gharama za kuhifadhi mizigo yao au kodi ya mwezi, ombi linakuwa na uzito, na mara nyingine ni nafuu kuliko kuanza upya. Dalali alipeleke.

Mnaweza pia kuomba muuzaji asaini ahadi ya kutomuuzia mwingine kwa muda maalumu, tuseme wiki sita. Mahakama ya Rufaa ilikubali mwaka 1993, katika kesi ya Pitt dhidi ya PHH, kwamba ahadi ya namna hiyo yenye muda uliowekwa inaweza kufunga. Haiwalazimishi kuuza, inawazuia tu kuwageuka. Kwa hali yenu sioni dalili ya kugeukwa, kwa hiyo nisingeitumia fedha ya wakili hapo.

Siku yenyewe itakapofika itakwenda kasi, na lazima muwe mmejipanga. Mawakili wa mnyororo hutumia utaratibu wa simu wa Law Society, chama cha mawakili, uitwao Formula C. Wakili wenu, akiwa chini kabisa, anampigia wakili wa muuzaji na kuuachilia mkataba wenu hadi saa fulani, tuseme saa kumi alasiri. Maana yake ni kwamba akipigiwa tena kabla ya saa kumi, analazimika kubadilishana. Yule naye anampigia wa juu yake, hivyo hivyo hadi kileleni. Kileleni mikataba inabadilishwa, kisha simu zinashuka kiungo kwa kiungo. Wakili mmoja akiwa kwenye chakula cha mchana na saa kumi ikapita, kilichoachiliwa kimerudi, na zoezi zima ni kesho. Kwa hiyo mkataba uwe umeshasainiwa na uko kwa wakili, arbuni iwe imeingia na kutulia kwenye akaunti yake, na wewe unayeshinda wodini bila simu umpe ruhusa ya maandishi kabla, pamoja na tarehe za kukamilisha mnazozikubali.

Baada ya simu hiyo, na kabla hamjamwambia mtu, fanyeni mambo mawili: kateni bima ya jengo ianze siku hiyo hiyo, kwa sababu chini ya masharti ya kawaida hatari ya nyumba inahamia kwa mnunuzi mikataba inapobadilishwa, hata kama funguo hamna, kisha mpeni mwenye nyumba notisi. Tangu hapo mnafungwa pande zote. Arbuni ya asilimia 10, pauni 27,000, itapotea mkijitoa nyinyi. Muuzaji akishindwa kukamilisha, mnaweza kumpa notisi ya siku kumi za kazi, na akishindwa tena mnarudishiwa arbuni na kudai hasara.

Na jambo la kuwalinda mpaka mwisho: matapeli huingia kwenye barua pepe za watu wanaonunua nyumba na kusubiri wiki ya malipo, kisha hutuma ujumbe unaofanana na wa wakili, "akaunti yetu imebadilika, tuma hapa". Mwombeni wakili namba ya akaunti mapema, ana kwa ana au kwa simu ya ofisi mnayoijua, na msitume chochote kwa akaunti iliyobadilishwa kwa barua pepe bila kwanza kupiga simu ofisini kwa namba ile ile ya simu ya zamani.

Kwa wiki hii, anza na bahasha ya fedha za mzee na ujumbe wa dalali, vyote kabla ya Jumatano. Mshauri wa mikopo apigiwe Alhamisi. Nikipata majibu ya ile flati nitaweza kukwambia kama 31 Julai ni tarehe ya haki au mumpe kila mtu wiki mbili zaidi.